Nyumba Aliyonunuliwa Alberta

Alberta Gay alizijua nyumba za watu kuliko wenye nyumba. Ndivyo ilivyo kwa kila aliyewahi kufanya kazi za ndani: yeye ndiye ajuaye kabati lipi halifungi vizuri na ngazi ipi hulia ukiikanyaga usiku. Kwa miaka mingi jijini Washington alitoka kwake kwenda kusafisha kwa wengine, na ujira wake ndio uliowalisha watoto 4. Mumewe, Marvin Gay mkubwa, alikuwa mhubiri wa kanisa dogo liitwalo House of God na hakuwa mtu wa kudumu kazini.

Mwaka 1973 mwanawe akawanunulia wazazi wake nyumba Los Angeles. Nyumba kubwa ya ghorofa, mtaa wa Gramercy Place, katika eneo la West Adams. Tarehe 1 Aprili 1984, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45, mwana huyo alipigwa risasi mbili na baba yake ndani ya nyumba hiyo hiyo, mama yake akiwa palepale. Alikuwa Marvin Gaye, mwimbaji nyota wa Marekani wa muziki wa soul.

Namba ya nyumba sitaiandika. Inapatikana kwa urahisi, na picha zake zimejaa mitandaoni, lakini ndani yake wanaishi watu ambao hawakuomba kuhifadhi maiti ya historia sebuleni kwao. Ninachotaka kukizungumzia ni namna tunavyoisimulia. Karibu kila mara kisa hiki huletwa kwetu kama pambano la madume wawili: baba mkali wa dini upande mmoja, mwana nyota aliyeharibiwa na kokeini upande wa pili. Alberta anawekwa pembeni, mama anayelia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi kwa miaka 40 na ushei tumebaki mlangoni, tukitazama kibaraza alichokaa baba akiwasubiri polisi.

Ukiingia ndani unakuta kwamba vita ile ilikuwa, kwa sehemu kubwa, juu ya mwanamke huyo na nafasi yake katika nyumba yake.

Tuanze na ardhi, maana hata mtaa wenyewe una kesi yake. West Adams ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya Wazungu wenye fedha. Hati nyingi za viwanja zilikuwa na masharti yanayokataza Mtu Mweusi kununua au kuishi hapo. Matajiri walipoanza kuhamia upande wa magharibi ya jiji, Weusi waliofanikiwa wakaanza kununua, na sehemu moja ya eneo hilo ikapata jina la Sugar Hill. Mmoja wa wakazi wake alikuwa Hattie McDaniel, mwigizaji wa kwanza Mweusi kutwaa tuzo ya Oscar. Baadhi ya majirani Wazungu wakaenda mahakamani wakitaka watolewe. Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke aliitupa kesi ile, akisema umefika wakati Weusi wapewe bila kinyongo haki wanazohakikishiwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayodai usawa mbele ya sheria. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kusimamiwa na mahakama yoyote nchini.

Halafu ikaja barabara. Miaka ya 1960 barabara kuu ya Santa Monica ilipitishwa katikati ya Sugar Hill, na nyumba zilizopiganiwa mahakamani zikavunjwa kupisha magari. Gramercy Place ipo mitaa kadhaa magharibi ya hapo, si mbali na barabara hiyo hiyo.

Nayaeleza haya kwa sababu bila hayo huwezi kuona uzito wa zawadi. Wanawake wa kazi ya Alberta waliziingia nyumba za aina hiyo kwa mlango wa jikoni. Mwanawe alimpa funguo za mlango wa mbele, katika eneo ambalo miaka 30 kabla yake mtu wa rangi yake angeweza kushitakiwa kwa kulala humo. Anayejua maana ya kijana kuwajengea wazazi, tofali la kwanza likipigwa kwa mshahara wa kwanza, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Lakini huwezi kumnunulia mama nyumba ukamwacha baba barabarani. Marvin mkubwa alikuja pia, na akaja na kiti chake cha enzi.

Dada yake Marvin, Jeanne, alipata kusimulia kwamba tangu kaka yake alipokuwa na miaka 7 hadi alipobalehe, maisha yake yalikuwa ya kuchapwa kikatili. Kanisa lao lilishika Sabato ya Jumamosi na sheria nyingi, na baba ndiye aliyekuwa askari wa sheria hizo nyumbani. Mtoto aliimba kanisani baba akihubiri, na sifa alizopata kwa sauti yake hazikumwokoa na mkanda. Akiwa na miaka 17 alikimbilia Jeshi la Anga, akaachishwa mwaka uliofuata, kisha muziki ukamchukua hadi Detroit, kwa kampuni ya kurekodi muziki ya Motown, ambako alianza kama mpiga dramu kabla hajawa sauti ambayo dunia inaijua. Kwenye jina la ukoo aliongeza herufi e, kama alivyofanya mwimbaji Sam Cooke kabla yake. Herufi moja tu, lakini ni umbali.

Wataalamu wa wasifu wake hutumia maneno mengi kueleza alichokuwa akikitafuta kwa baba yake. Kiswahili kinalo neno moja, radhi. Marvin alitafuta radhi kwa mkono wa mtoa fedha: aliwalipia, aliwanunulia, aliwahamishia karibu naye. Ni njia ambayo vijana wengi wenye kipato huijaribu, na tatizo lake ni kwamba humgeuza baba kuwa mpangaji wa mwanawe. Kwa mzee aliyezoea kuwa sheria ya nyumba, kila mchango wa kijana unakuwa risiti ya kushindwa kwake. Kwa hiyo ndani ya Gramercy Place kulikuwa na wenye nyumba 3: aliyelipa, aliyejiona ndiye kichwa cha nyumba kwa haki ya Mungu, na yule ambaye, kwa maoni yangu, nyumba ilinunuliwa kwa ajili yake hasa. Wawili wa kwanza walikuwa wakitoleana macho. Wa tatu ndiye aliyekuwa akipikia wote.

Hapa lazima nipite Ostend, Ubelgiji, maana ndiko Marvin alikoonyesha kwamba angeweza kuishi kwingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yake yaliharibika. Ndoa ya kwanza ilivunjika, ya pili ikafuata, deni la kodi likamwandama, akahama Marekani akatangatanga Hawaii na London. Februari 1981 mwandaaji wa maonyesho wa Ubelgiji, Freddy Cousaert, akamchukua kwenda mji wake wa Ostend, mji wa pwani wenye baridi na upepo, ambako watu hawakumsumbua sana. Alipewa makazi yanayotazama bahari. Akapunguza kokeini, akakimbia ufukweni, akakaa mezani na familia ya mwenyeji wake. Katika kipindi hicho cha Ubelgiji ndipo ulipozaliwa wimbo wa “Sexual Healing”, uliotoka mwaka 1982 na kumrudisha kileleni. Februari 1983 ulimpa tuzo 2 za Grammy, za kwanza maishani mwake, yeye ambaye tayari alikuwa ametoa albamu ya “What's Going On” mwaka 1971! Mwezi huo huo aliimba wimbo wa taifa kwenye mechi ya nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kule Inglewood, kwa mdundo wa taratibu ambao watu wanaurudia kuutazama hadi leo.

Ukipanga matukio hayo kwenye mstari, unaona jambo la kusikitisha. Palipomponya ni nyumba ya kuazima, kwa watu baki, ng'ambo. Palipomuua ni kwao.

Kwa nini alirudi? Jibu rahisi ni biashara: albamu mpya, ziara, fedha. Ni kweli kwa kiasi. Ziara ya mwaka 1983 ilikuwa ndefu na mbaya. Kokeini ilirudi kwa kishindo, na pamoja nayo hofu kwamba kuna watu wanataka kumuua, hadi akawa anavaa fulana ya kuzuia risasi. Ziara ilipoisha Agosti, hata hivyo, angeweza kwenda popote. Alikwenda kwa mama yake, ambaye alikuwa akiuguza upasuaji wa figo. Baba wakati huo alikuwa Washington kwa shughuli zake. Kwa wiki kadhaa nyumba ya Gramercy Place ilikuwa na mama anayepona na mwana mgonjwa wa aina nyingine, wakitazamana. Kisha baba akarudi, na mabishano yakaanza tena, miezi 6 ya mabishano.

Nafika kwenye bastola, na hapa ndipo ninapogombana na wasimuliaji wengi.

Krismasi ya mwaka 1983 Marvin alimpa baba yake bastola ya Smith & Wesson, kaliba ya .38, ajilinde na wavamizi. Wapo wanaolifanya tukio hili fumbo kubwa la kiroho: eti mwana alimkabidhi baba chombo cha kumuulia, eti alitaka mwenyewe, eti aliandika mwisho wake kama anavyoandika wimbo. Kwamba katika siku zake za mwisho alikuwa amekata tamaa ya kuishi, watu wa nyumbani kwake walishuhudia. Lakini nadharia hii ina faida kubwa mno kwa aliyevuta kifyatulio, na ndiyo maana naiogopa. Mtu mgonjwa anayehitaji tiba hugeuzwa kuwa nabii, na kosa likapotelea hewani.

Mimi naona jambo la kawaida zaidi. Marvin alikuwa na hofu ya watu wa nje, akaleta silaha ndani. Baba ndiye mlinzi wa nyumba, basi akapewa baba. Hakuna aliyefikiri kumpa Alberta, aliyekuwa akihitaji ulinzi kuliko wote, na hasa kulindwa na kelele za humo humo ndani. Mwaka 1993 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake: nyumba zilizokuwa na silaha ya moto zilihusishwa na hatari karibu mara 3 ya mtu kuuawa humo, na hatari hiyo ilitoka kwa ndugu na watu wa karibu, si kwa mwizi wa kuruka ukuta. Utafiti ule umebishaniwa sana huko Marekani, kama kila kitu kinachogusa bunduki. Ila ukiutazama kutoka Gramercy Place hauna cha kubishania. Baba na mwana walichukiana kwa zaidi ya miaka 30 bila kuuana. Baada ya Krismasi ile ilichukua siku 98.

Siku yenyewe nitaipita haraka. Kulikuwa na karatasi ya bima iliyopotea, na baba alikuwa akimfokea Alberta kwa ajili ya karatasi hiyo tangu jana yake. Ilikuwa Jumapili. Mchana akamfokea tena kutoka chini. Marvin, aliyekuwa juu na mama yake, akamwambia kama ana neno aje aliseme ana kwa ana. Alipopanda, Marvin alimsukuma nje ya chumba, akampiga. Alberta akawatenganisha. Baba akaenda chumbani kwake, akarudi na bastola. Mdogo wake Marvin, Frankie, aliyeishi na mkewe katika uwanja huo huo, alikuja mbio akamshika kaka yake mikononi. Saa 7 na dakika 1 mchana madaktari walitangaza kwamba amekufa.

Angalia kilichoanzisha yote. Si muziki, wala si dini, wala si kokeini, ingawa vyote vilikuwemo. Ni mume anayemfokea mkewe kwa ajili ya karatasi, na mwana wa miaka 44 anayesimama kati yao kama alivyotamani kusimama akiwa na miaka 7. Simtakasi Marvin, mwana aliyempiga baba yake mwenye karibu miaka 70 hakuitetea heshima ya mtu. Nasema tu kwamba ukimtoa Alberta katikati ya chumba kile, hakuna kisa.

Mahakamani nako aliwekwa pembeni. Madaktari walimkuta mzee na uvimbe chini ya ubongo, ukaondolewa Mei. Picha za majeraha aliyopata kwa kipigo zilionyeshwa. Vipimo vilionyesha kokeini katika mwili wa marehemu. Mzee hakupinga shtaka lililopunguzwa la kuua bila kupanga, na Novemba 1984 akapewa kifungo cha nje: miaka 6 iliyosimamishwa, na uangalizi wa miaka 5. Hakulala gerezani kwa hukumu hiyo hata siku moja. Alifariki Oktoba 1998 katika nyumba ya kutunzia wazee. Sina hakika kwamba kumfunga mzee mgonjwa kungesaidia yeyote. Kinachonikera ni kwamba hesabu yote ilikuwa ya mizani kati ya wanaume wawili, nani alimwanza nani, nani alikuwa mgonjwa zaidi, na mwanamke aliyeshuhudia mume akimuua mwanawe akabaki kama samani iliyokuwepo chumbani.

Sasa nije kwenye hoja inayorudi kila ifikapo Aprili: nyumba ile ifanywe makumbusho.

Nawaelewa wanaosema hivyo. Marvin hana kaburi. Baada ya mazishi kule Glendale, ambako maelfu walipita kumuaga, mwili ulichomwa na majivu yakamwagwa katika Bahari ya Pasifiki. Mpenzi wa muziki wake anayetaka kusimama mahali na kunyamaza kidogo hana pa kwenda, ndipo anapoishia kwenye kibaraza cha watu. Na mifano ipo. Graceland, nyumba ya mwimbaji Elvis Presley, imekuwa ikipokea wageni tangu mwaka 1982, lakini hata pale ghorofa ya juu, alikofia, haifunguliwi kwa mgeni. Wenyewe waliona aibu, nami nawasifu kwa aibu hiyo. Nyumba ya mwimbaji Amy Winehouse kule Camden Square, London, alikofia Julai 2011, familia ilifikiria kuifanya makao ya taasisi yake, mwishowe ikaiuza. Sanamu yake ikasimamishwa sokoni Camden, kwenye kelele na watu, mahali alipopapenda.

Marvin naye amepewa mahali pengine. Washington kuna bustani yenye jina lake tangu mwaka 2006, katika upande wa jiji alikokulia. Los Angeles kuna ofisi ya posta. Detroit kuna jengo la Motown, sasa makumbusho, ambamo sauti yake ilirekodiwa. Ostend wamemweka kwenye piano, sanamu ya shaba ndani ya ukumbi wa Kursaal, na wageni hutembezwa kwenye njia alizopita. Mji uliompa hifadhi ya muda mfupi unamkumbuka kama mtu aliyekuwa hai. Gramercy Place ingemkumbuka kama nini? Makumbusho ya chumba kile yangelazimika kuonyesha ngazi, korido na mlango, na tiketi zingeuzwa kwa ajili ya dakika chache ambazo hakuna aliyekuwa ndani angetaka zitazamwe. Mimi nasema hapana. Wenye nyumba wa leo wapike, wapake rangi, watoto wao wapande zile ngazi kwa fujo.

Na kama kuna mtu lazima aweke kibao, basi kiandikwe jina la aliyenunuliwa nyumba.

Alberta aliomba talaka Juni 1984, baada ya ndoa ya karibu miaka 49. Wengine walishangaa kwamba ilimchukua muda wote huo. Mimi nashangaa kwamba, akiwa katika miaka ya 70 na ametoka kumzika mwanawe, alikuwa bado na nguvu za kwenda mahakamani kudai jina lake. Kisha akaanzisha mfuko kwa jina la Marvin, wa kuwasaidia waliotekwa na ulevi na dawa za kulevya, ugonjwa aliouona kwa macho yake kwenye chumba cha pili miezi yote ile. Alifariki Mei 1987, mfuko ukiwa haujafunguliwa rasmi, na mabinti zake wakaendelea na jina la kaka yao.

Jana nilizipitia tena picha za nyumba ile zinazosambazwa mitandaoni, nikisoma maelezo yaliyoandikwa chini yake. Karibu zote zina majina mawili, na yote ni Marvin.